Mpira wa kutolea povu katika friji finyu ya kuchachushia: uzoefu wangu wa msimu wa maembe Tabora

Nimetumia kwa msimu mzima wa maembe seti ya mpira wa kutolea povu (mpira mpana unaopeleka gesi na povu kutoka kwenye mfuniko wa ndoo hadi kwenye chupa ya maji) niliyoagiza kutoka Dar es Salaam kwa ajili ya ndoo ninamochachushia mvinyo wa asali na maembe, na ninaandika tathmini hii kwa sababu ndoo yangu hukaa ndani ya friji ndogo ambamo hakuna sentimita ya kupoteza. Maoni yangu ni kwamba mpira wenyewe ni mzuri na unastahili bei yake, lakini viungio vinavyokuja nao vimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye nafasi ya kutosha juu ya ndoo. Mwenye friji finyu atalazimika kununua elbo moja, yaani kiungio cha kona, kando, na elbo hiyo ndiyo itakayoamua kama seti nzima itamfaa.

Huku kwetu friji si anasa katika kazi hii. Mwezi wa Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijakolea, joto la mchana mjini Tabora hupita nyuzi 30 mara kwa mara, na hamira inapofanya kazi huongeza joto lake yenyewe juu ya lile la chumba. Hamira ninayotumia, Lalvin 71B, inaruhusiwa na watengenezaji wake kufanya kazi kati ya nyuzi 15 na 30, lakini ikikaribia ukomo wa juu hutoa mvinyo mkali unaochoma koo, na harufu nzuri ya embe hupotea. Kwa hiyo ndoo hukaa ndani ya friji iliyounganishwa na kidhibiti joto cha nje, nacho nimekiweka kwenye nyuzi 20. Kihisio chake nimekibandika ubavuni mwa ndoo, chini ya usawa wa mchanganyiko, kikiwa kimefunikwa kwa kipande cha sponji ili kisome joto la ndoo badala ya joto la hewa iliyo ndani ya friji.

Kinachonilazimu kutumia mpira mpana ni maembe. Asali peke yake, hasa ikiwa imechujwa vizuri, huchacha kwa utulivu, na kizuia hewa kidogo cha plastiki, chenye maji kidogo ndani yake yanayoruhusu gesi kutoka bila hewa ya nje kuingia, hutosha kabisa. Lakini nyama ya embe huinuliwa na gesi, hukusanyika juu kama kifuniko kizito, na nyuzinyuzi zake hupanda pamoja na povu hadi kwenye tundu la mfuniko. Zikiingia ndani ya kizuia hewa huziba njia. Gesi hukosa pa kutokea, mfuniko huvimba, na hatimaye kitu fulani kitafyatuka. Kusafisha mchanganyiko wa asali ndani ya friji, kwenye mikunjo ya mpira wa mlango na kuzunguka nyaya za taa, ni kazi ambayo sisimizi huianza kabla ya mwenye nyumba.

Inafaa kujua kiasi cha gesi tunachozungumzia. Natia kilo 4 za asali ya Sikonge katika mchanganyiko wa lita 15, na takriban asilimia 80 ya asali ni sukari. Hamira huigawa sukari hiyo karibu nusu kwa nusu, kwa uzito, kati ya alkoholi na hewa ya ukaa. Hiyo ina maana kwamba kutoka katika asali peke yake, bila kuhesabu sukari ya maembe, hutoka karibu kilo moja na nusu ya hewa ya ukaa, ambayo katika joto la kawaida hujaza zaidi ya lita 800. Gesi yote hiyo hupitia tundu moja, na sehemu kubwa yake hutoka katika siku za mwanzo. Mtu akishaipiga hesabu hii hawezi tena kuona mpira mpana kuwa ni kujisumbua. Ataelewa pia kwa nini ninasisitiza kwamba friji ifunguliwe na kuachwa wazi kidogo kabla ya kuingiza kichwa ndani: hewa ya ukaa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hujikusanya chini, na mtu akiivuta kwa wingi humpa kizunguzungu cha ghafla.

Seti ilifika kwa basi ikiwa na mpira wa silikoni wenye urefu wa zaidi ya mita moja na kipenyo cha ndani cha milimita 19, kizibo cha mpira chenye tundu, kiungio kilichonyooka na vibano viwili. Silikoni ndiyo sababu ya kuichagua seti hii badala ya mpira mwangavu ambao mafundi wa ujenzi hutumia kupima usawa, na ambao unapatikana kwa urahisi katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Ule mpira wa mafundi hulegea ukitiwa katika maji ya moto, hushika harufu, na zaidi ya yote hujikunja na kujibana pale unapopindishwa. Silikoni inavumilia kuchemshwa sufuriani bila kuharibika, na kwangu kuchemsha ndiyo njia ya uhakika ya kuondoa vijidudu ndani ya mpira ambamo brashi haifiki vizuri. Kuta za mpira huu zina unene wa kama milimita 3, kwa hiyo unakubali kupinda bila kuziba, ilimradi mpindo wenyewe uwe mpana.

Na hapo ndipo ufinyu wa friji unapoanza kuleta shida. Ndoo ya lita 20 ina kimo cha karibu sentimita 38. Kutoka sakafu ya friji yangu hadi chini ya kisanduku cha barafu kuna sentimita 46. Kiungio kilichonyooka kinasimama juu ya kizibo, kisha mpira unahitaji kupanda, kugeuka na kushuka, na mgeuko huo peke yake unadai zaidi ya sentimita 10. Ukilazimishwa chini ya kisanduku cha barafu unajikunja, na mpira uliojikunja ni sawa na kizuia hewa kilichoziba. Wapo wanaoshauri kukipindisha kisanduku hicho kiende juu au pembeni. Mimi sikuona busara ya kufanya hivyo, kwa sababu mifereji ya gesi ya kupooza imo ndani ya bati lake, na ufa mdogo tu unaimaliza friji.

Wazo la pili lilikuwa kuutoa mpira nje kwa kutoboa ubavu wa friji, na nilimwita fundi wa friji wa mtaani kwetu kabla ya kugusa kitu chochote. Alinionyesha kibandiko kilicho nyuma, penye maandishi R600a, akasema, “Mama, gesi hii inashika moto, na mirija yake imepita ndani ya kuta hizi ambamo huioni. Ubavu huu usiguswe na drili.” Ninamshukuru kwa maneno hayo, na ninayarudia hapa kwa yeyote anayefikiria kutoboa bila kujua mirija imepita wapi. R600a ni isobyuteni, na imo katika friji nyingi ndogo za siku hizi.

Kuupitisha mpira kwenye ukingo wa mlango nako hakufai kwa mpira wa unene huu. Waya mwembamba wa kihisio hupita hapo bila tatizo, kwa kuwa mpira wa mlango huukumbatia, lakini mpira wa milimita 25 kwa nje huacha mwanya juu na chini yake. Hewa ya joto huingia, unyevu hujikusanya ndani, na mota hufanya kazi kwa muda mrefu zaidi ili kushikilia joto lile lile. Kwa bei ya umeme, na kwa mota iliyokwisha kuzeeka, sipendekezi njia hiyo.

Suluhisho lilikuwa elbo. Nilipata katika duka la vifaa vya umwagiliaji wa matone elbo ya plastiki ya milimita 20, yenye meno pande zote mbili. Upande mmoja nimeuingiza katika tundu la kizibo badala ya kile kiungio kilichonyooka, na upande wa pili unaingia ndani ya mpira na kushikwa na kibano. Sasa mpira unatoka kwa ulalo sentimita 5 tu juu ya mfuniko, unaelekea nyuma, kisha unashuka taratibu hadi kwenye chupa ya maji niliyoiweka juu ya kile kijukwaa cha ndani kinachofunika mota. Kijukwaa hicho, ambacho kwa kawaida ni kero kwa kila anayetaka kuingiza ndoo katika friji ndogo, kimekuwa mahali pazuri kabisa pa kuweka chupa. Rafu za mlango nimezing'oa, kwa maana ndoo bila hivyo isingeingia.

Jambo moja kuhusu elbo lazima lielezwe kwa uwazi, kwa kuwa muuzaji hakulieleza. Tundu la ndani la elbo ni jembamba kuliko mpira, na njia nzima ina upana wa pale palipo pembamba zaidi. Mpira wa milimita 19 uliofungwa kwenye tundu la milimita 13 ni njia ya milimita 13. Kwa hiyo maembe nayafunga katika mfuko wa kitambaa cha wavu kilichochemshwa, ili povu lipite na nyuzinyuzi nyingi zibaki. Kitambaa kiwe kipya, cha mapazia au cha kuchujia. Chandarua cha mbu kisitumike hata kama kimefuliwa mara nyingi, kwa sababu vyandarua vingi vya majumbani vimetiwa dawa ya kuua wadudu.

Chupa ya maji nayo inataka hesabu yake, na kwa maoni yangu hapa ndipo maelekezo ya seti yanapopungukiwa zaidi. Yanasema tu mwisho wa mpira uzamishwe ndani ya maji. Lakini ndoo ikipoa, ama kwa sababu uchachu umetulia au kwa sababu mtu ameshusha joto ili mashapo yatulie, hewa iliyo ndani hunywea na kuvuta kutoka kwenye chupa. Ikiwa maji ni mengi na mpira umezama sana, maji ya chupa, pamoja na uchafu wa povu la juzi, yatarudi ndani ya mvinyo. Chupa yangu ni ya kioo, ilikuwa ya asali ya kilo 1, na ina kipenyo cha sentimita 8. Nikizamisha mpira sentimita 1 tu, maji yanayoweza kuvutwa kabla ncha haijabaki wazi ni kama mililita 50. Sehemu ya mpira inayopanda kutoka kwenye maji hadi kwenye elbo ina sentimita 20, nayo inaweza kubeba mililita 57 hivi. Maana yake ni kwamba maji huishiwa kabla ya kufika juu, ncha inapumua hewa, na mvinyo hauingiwi na maji machafu. Hewa kidogo itaingia, ni kweli, na ndiyo maana joto nalishusha polepole, nyuzi chache kwa siku. Uzamishaji mfupi una faida nyingine pia: mifuniko ya ndoo hizi haibani kikamilifu, na mpira ukizamishwa sana gesi huona ni rahisi kupenya ukingoni kuliko kusukuma maji.

Katika siku za kwanza chupa hukaguliwa kila siku, kwa kuwa povu linaloingia huinua usawa wa maji na kuiharibu hesabu hiyo. Namwaga ya juu na kutia maji yaliyochemshwa na kupoa. Siku hizo hizo ndipo ninapofungua mfuniko ili kuuzamisha mfuko wa maembe na kuongeza chakula cha hamira, na hapa kizibo cha seti hii kinastahili sifa: kinatoka kwa kuzungushwa mkono mmoja, na kinarudi mahali pake bila kuisogeza ndoo. Chakula hicho nakikoroga kwanza katika maji kidogo, kwa sababu unga mkavu ukiangukia mchanganyiko uliojaa gesi huliamsha povu lote kwa mara moja, na hakuna mpira utakaoliwahi.

Povu likishatulia, kwa kawaida ndani ya wiki ya kwanza au ya pili, naondoa mpira na kurudisha kizuia hewa kidogo. Mpira nausuuza papo hapo kwa maji ya vuguvugu, kwani nyama ya embe ikikauka ndani haitoki kwa urahisi, kisha nauchemsha na kuuning'iniza ncha zikielekea chini. Hadi sasa haujabadilika rangi wala kushika harufu. Vibano vimeanza kuonyesha kutu, na ningependa muuzaji atie vya chuma kisichoshika kutu hata kama bei itaongezeka kidogo.

Wanaotumia madumu mawili membamba ya lita 10 badala ya ndoo moja wanaweza kutumia chupa moja, lakini kila dumu liwe na mpira wake hadi ndani ya maji. Wasiunganishe mipira miwili kwa kiungio cha njia tatu, maana sehemu ya pamoja ikiziba, povu la dumu moja litasukumwa ndani ya jingine, na mfuniko ulio dhaifu kati ya hiyo miwili ndio utakaofyatuka.