Vibandiko vya utambuzi vya kuvaliwa kwenye ngozi: nilivyovipima katika mwalo wa Kibirizi

Kwa majuma 3 nimevijaribu vibandiko vya utambuzi vinavyobandikwa moja kwa moja kwenye ngozi, pakiti ya vipande 50 pamoja na kisomaji chake cha mkononi, kinachosoma namba ya kila kibandiko kwa wimbi la redio, katika mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Wabebaji wa dagaa waliniomba niwatafutie njia ya kuhesabu ndoo ambazo kila mmoja huzitoa mtumbwini hadi kwenye mizani, kwa sababu kadi za karatasi hulowa na kuchanika kabla jua halijachomoza, na ndoo isiyohesabiwa ni jasho lililopotea.

Kibandiko ni utando laini wa plastiki wenye mistari ya wino wa fedha, ambayo ndiyo antena yake, na chipu ndogo kuliko punje ya mchele. Hakina betri, nguvu yote hukipata kutoka kwenye wimbi la kisomaji, ambalo katika masafa ya megahezi 866 lina urefu wa sentimita 35 hivi likiwa hewani. Hapo ndipo ugumu wa kubuni antena ya namna hii unapoanzia. Mwili wa mtu umejaa maji na chumvi, kwa hiyo wimbi likigusana nao hufupika mara kadhaa, na sehemu kubwa ya nguvu yake humezwa na nyama na kugeuka joto hafifu, huku antena iliyorekebishwa kwa ajili ya hewani ikianza kuitikia masafa ya chini zaidi, chipu ikabaki haina nguvu ya kuamka. Lebo ya kawaida ya nguo, yenye chipu ya namna hiyohiyo, niliyoibandika mkononi mwangu haikusomeka hata kwa umbali wa shubiri moja. Hiki kilisomeka kwa sentimita 70 kwenye ngozi kavu, na ninampongeza kwa dhati aliyekichora, kwani ni dhahiri kwamba aliuhesabu mwili kuwa sehemu ya antena.

Maandishi ya pakiti, hata hivyo, yanapotosha. Yanaahidi mita 5 bila kueleza kipimo hicho kilichukuliwa wapi, na mimi niliupata umbali unaoukaribia pale tu nilipokining'iniza kibandiko kwenye uzi, mbali na mwili wowote. Mnunuzi anayepanga kazi yake kwa kutegemea namba hiyo atapata hasara. Nilipoweka sponji ya milimita 3 kati ya utando na ngozi, umbali ulipita mita 1, jambo linaloonyesha jinsi hata mwanya mdogo unavyosaidia. Lakini kibandiko kinene hukwaruzwa na kamba na kung'oka mapema.

Jasho lilipunguza umbali hadi sentimita 50. Mbebaji akigeuka, mwili wake hulizuia wimbi kabisa, na mkono ulioinuliwa kushika ndoo kichwani husomeka vibaya kwa kuwa uko karibu na samaki wabichi, ambao nao wamejaa maji. Tuliamua kubandika kwenye mkono unaoning'inia, upande wa nje, juu ya kiwiko. Kwenye kifundo cha mkono wino ulipasuka ndani ya siku 2 kwa sababu ya kukunjwakunjwa. Gundi ni nzuri, ingawa watu 2 walipata vipele, nikawaondolea mara moja.

Ipo aina nyingine ya megahezi 13.56, inayotumia uga wa sumaku na kwa hiyo haisumbuliwi sana na mwili, ila husomeka kwa sentimita chache tu. Anayeweza kuwasimamisha watu mmoja mmoja mezani achukue hiyo. Wabebaji wetu hawasimami.

Sasa kisomaji kimefungwa kwenye nguzo, nusu mita kutoka njia ya kwenda kwenye mizani. Alhamisi zilipita ndoo 112 na zikasomwa 109. Zile 3 zilikuwa za mbebaji mmoja aliyekuwa na kibandiko cha siku ya tano, ambacho kingo zake zilikuwa zimeanza kubanduka, naye alilipwa kwa hesabu ya daftari.