Kipima oksijeni cha kidoleni, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza Bukavu

Kidude hiki kinachouzwa soko la Kadutu kinafundisha mengi kuliko bei yake. Mwanga mwekundu wa nanometa 660 na wa infraredi, usioonekana kwa macho, wa 940 hupenya kidole. Hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, ikiwa nayo hunyonya zaidi huu wa pili, isiyo nayo hunyonya ule wa kwanza. Pasha mkono joto, futa rangi ya kucha, tulia nusu dakika, ndipo usome. Mkono wa baridi au unaotetemeka hudanganya, na kwenye ngozi nyeusi namba huweza kuzidi ukweli. Ukisoma asilimia 95 ya oksijeni kwenye damu, isikutishe: Bukavu iko mita 1,500 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kinachoudhi ni mfuniko wa betri, mlegevu mno.