TAHADHARI: Fundi wa mikanda ya gari Ilala, msimpelekee gari linalopandwa na watoto

Ndugu na marafiki, naandika hasira zimenijaa mpaka kooni. Kuna fundi Ilala anajiita mtaalamu wa viti na mikanda ya HiAce. Asiguse gari lako!

Gari letu mnalijua, ile HiAce ya mizigo. Ilitoka Japani nyuma tupu, viti tukaweka wenyewe, na mama akasema Moshi hapandi mpaka kila mjukuu awe na mkanda wake. Ndiyo nikaenda.

Nilipofika akanivutia kiti, akaniita dada yangu, akauliza habari za watoto. Gereji imefagiliwa, mikanda imepangwa kwenye rafu ndani ya nailoni. Pembeni kibasi cha shule kinafungwa mikanda hiyo hiyo. Nani asingeamini? Shule nzima imemwamini!

Kazi ilipoisha nikamuuliza, fundi, hii itashika kweli? Hakujibu kwa mdomo. Akapanda garini, akaunyakua mkanda kwa nguvu, ukajikaza. Akanyakua tena. Kisha akauviringisha mkononi, akainua miguu yote miwili, akaning'inia, mtu mzima na kilo zake kama 80, huku ananitazama anatabasamu. "Dada yangu, hata mkigongwa na trela mtoto hatoki hapa." Nikamhesabia laki nne na ishirini, akaandika risiti, akanifungulia na mlango wa gari.

Safari ikaja. Pale Mombo bodaboda ikakatiza, dereva akakanyaga breki. Hatukugonga kitu, breki tu! Mkanda wa yule mdogo ulijikaza vizuri kabisa, halafu ukang'oka wote na kipande cha plaiwudi, skrubu zinaning'inia. Mtoto akapiga paji la uso kwenye kiti cha mbele. Mama alilia mpaka Same.

Tulifunua zulia palepale. Skrubu za kabati! Zimeishia kwenye plaiwudi ya sakafu, hazijafika hata kwenye bati. Za juu kazipiga kwenye bati jembamba la ubavuni, nyuma yake hakuna chuma chochote.

Shemeji, ambaye mambo haya anayajua, aliponiona na picha alisikitika, akanieleza. Kunyakua mkanda kunapima kile kidude kinachoukunja, hakupimi mahali ulipofungwa. Kwa kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 14, sehemu za kufungia mikanda kwenye gari dogo la abiria hupimwa kwa kuvuta mkanda wa kifuani kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 1.35, na wa kiunoni kiasi hicho hicho kwa pamoja. Yeye ananing'inia na kilo 80 zake anachukua hela za watu!

Huyu afungwe. Simtakii faini, faini atailipa kwa hela zetu. Afungwe, na gereji ipigwe kufuli. FCC (Tume ya Ushindani) na TBS (Shirika la Viwango), nendeni mkague zile rafu. Mkanda mmoja tuliouziwa kama mpya nyuzi zimelika pembeni, hauna lebo yoyote. Mkanda uliokwisha kumzuia mtu kwenye ajali haurudiwi, na huyu anauuza kwa wazazi! Polisi wamchukue kabla hajaua.

Mkikagua magari yenu: boliti ya mkanda ni nene, inchi 7/16, inapita bati na kushikwa na sahani ya chuma upande wa pili, au inashika kwenye chuma cha bodi chenyewe. Ukiona skrubu, ondoka. Tafuta lebo yenye E ndani ya duara. Na fundi anayekataa usipige picha kabla hajarudisha zulia, mkimbie. Huyu alikataa, akasema gundi bado mbichi.

Mwenye kile kibasi cha njano nilichokikuta pale, au mzazi anayekijua, tafadhali kifunuliwe zulia kabla shule hazijafunguliwa. Risiti ninayo, picha ninazo. Aliyefungiwa mikanda na huyu mtu anitafute inboksi, twende polisi pamoja.