Autosol kwenye pikipiki ya zamani: inang'arisha, ila si kila chuma

Tyubu ya Autosol ya mililita 75, dawa ya kung'arishia chuma itokayo Solingen, Ujerumani, ni ndogo kiasi cha kumtia mtu wasiwasi kwamba haitamaliza hata madigadi moja. Inamaliza, na nyingi inabaki. Tone la ukubwa wa harage linatosha kipande kirefu cha ekzosi; ukizidisha unajiongezea kazi ya kufuta tu.

Kwenye kromi ndiko inakostahili sifa. Osha kwa sabuni, kausha, kwa sababu punje moja ya mchanga chini ya kitambaa inachora mistari isiyotoka tena. Paka kwa fulana kuukuu ya pamba, sugua kwa mizunguko midogo, futa kwa kitambaa kingine kabla haijakauka. Vidoa vya kutu vya ukubwa wa ncha ya sindano vinatoka. Vikigoma, kunja foili ya jikoni, ilowe maji, kwangua nayo taratibu: alumini ni laini kuliko kromi. Lakini kutu hiyo haikuanzia juu. Kromi ya urembo kwa kawaida haifiki hata mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), imelala juu ya nikeli, na chuma cha chini kinapumulia kwenye vitundu vyake. Usipopaka nta baada ya kung'arisha, hasa kwa wa pwani, kutu itarudi mapema.

Kava za injini ndizo zinazoisababishia dawa hii lawama isizostahili. Honda na Yamaha nyingi za miaka ya 1970 zilitoka kiwandani na alumini iliyopakwa vanishi isiyo na rangi. Ikizeeka inageuka njano, unyevu unapenya chini yake na kuacha michirizi myeupe kama mizizi. Sugua mpaka jioni, unasugua vanishi. Tazama kitambaa: alumini tupu inakitia weusi papo hapo, kikibaki safi, bado hujaifikia. Toa vanishi kwa dawa ya kubandua rangi (glovu ni lazima), kisha msasa wa maji namba 400 penye mikwaruzo, 600, 800, 1200, ukibadilisha mwelekeo kila namba mpaka mistari ya namba iliyotangulia iishe. Anayeruka kutoka 400 hadi 1200 ataiona mistari yake chini ya mng'ao. Autosol inakuja mwisho, mara mbili. Kostiki soda isiguse kava hata kwa dakika moja. Inaila alumini na kuiacha nyeusi.

Brasso, dawa nyingine ya kung'arishia chuma, nayo inafanya kazi, lakini ni ya majimaji, inatiririkia kwenye mapezi ya silinda na kukauka nyeupe. Huko mswaki ndio wa kuitoa.

Boliti zilizopakwa zinki ziache. Zitang'aa siku hiyo, lakini zinki iliyozikinga imeondoka, na kutu inafuata. Ekzosi iliyogeuka bluu inapungua rangi kidogo tu. Hiyo ni alama ya joto, kaangalie kabureta na taimingi (wakati wa plagi kuwasha) kwanza.

Kwenye mabomba ya shokapu za mbele, futa kila chembe ya dawa kabla ya kuzibonyeza shokapu. Pitisha ukucha: ukinasa kwenye shimo, hakuna dawa ya kung'arisha itakayoliziba, na ukingo wake utaendelea kukata oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja) hadi bomba lipakwe kromi upya au libadilishwe.