Wiki nzima ya mvua na baridi Marangu, na gesti iliyojua kukausha nguo

Jamani najua kuna mtu muda huu anapanga kupeleka watoto Kilimanjaro likizo hii ya Juni, naomba asome hapa kwanza. Sisi tumerudi Dar juzi, tulikuwa Marangu siku 7, na katika hizo siku 7 mvua imenyesha siku 6, hiyo moja iliyobaki ilikuwa ukungu mtupu tangu asubuhi mpaka tunalala. Mlima hatukuuona hata mara moja, si kilele cha Kibo si cha Mawenzi, watoto walikuwa wanauliza "mama mlima uko upande gani" na mimi naonyesha tu kidole kwenye weupe. Lakini ile gesti tuliyofikia nitarudi na nataka kueleza kwa nini, maana wengi wetu tunachagua pa kulala kwa kuangalia picha ya balkoni na mlima unameremeta nyuma, na wiki kama hii picha hiyo haikusaidii chochote.

Jina siweki, mama mwenye nyumba aliniomba hivyo kwa sababu vyumba ni vitano tu na anapenda wageni wanaokuja kwa kuelekezana. Anayehitaji aniandikie inboksi, nitamuuliza mama kwanza halafu nitakupa namba. Ni juu kidogo ya Marangu Mtoni, barabara ya kwenda kwenye geti la kupandia mlima kisha unakata kuingia kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba za watu.

Nianze na hali ya hewa maana ndo mzizi wa kila kitu. Ukiwa Moshi mjini kuna mawingu ila bado unatembea na shati, mnapanda Noah mpaka Himo, pale gari inakata kushoto inaanza kupanda, na kuanzia hapo kila kona unasikia baridi inaongezeka. Ni mambo ya urefu tu, ukipanda mita 100 joto linapungua kama nusu nyuzi na kidogo, kwahiyo mpaka ufike Mtoni umeshapoteza nyuzi 3 hivi. Ila ubaridi peke yake si tatizo, tatizo ni maji. Baba mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu, jioni alikuwa anatuelezea vizuri kabisa, kwamba kipindi hiki upepo wa kusi unatoka baharini umebeba unyevu, unakuja kugonga mlima upande huu wa kusini na mashariki, hauna pa kupita unapanda juu, ukipanda unapoa, ukipoa unaachia maji. Ndo maana huku migomba ni ya kijani mwaka mzima wakati ukizunguka mlima upande wa kaskazini unakuta ukavu. Na wale wanaopanda mlima wakishavuka msitu wanaweza kukuta jua kali juu ya mawingu, sisi huku chini tuko ndani ya wingu lenyewe. Masika inatakiwa iwe imeisha mwishoni mwa Mei lakini manyunyu yanaendelea, mvua siyo ile ya Dar ya kumwagika saa moja halafu jua, hii ni nyembamba, haina haraka, inaweza kuanza saa kumi na moja alfajiri ikawa bado ipo saa tatu usiku.

Sasa fikiria una mtoto wa miaka 9 na mwingine wa miaka 4, umebeba nguo za siku 4 ukijua utafua. Nilifua Jumatatu. Jumatano sweta la mdogo bado lilikuwa linatoa maji ukilikamua na limeanza harufu ya uvundo. Nilikaribia kulia kwa kweli.

Hapo ndo hii gesti iliponikamata moyo. Mama alipita akaona nguo zimejaa kwenye viti na kwenye dirisha, akasema "mwanangu mbona hukuniambia, huku nguo haianikwi, inapelekwa jikoni." Jiko lao lipo nyuma ya nyumba, la kuni, mafiga matatu makubwa na juu yake kuna dari la miti ambalo wanakaushia kuni na mahindi ya mbegu. Pembeni kidogo ya dari, pasipopata masizi, wamefunga kamba tatu za kuanikia nguo za wageni. Nguo zililala pale usiku mmoja, Alhamisi asubuhi sweta, soksi, mpaka ile jinzi nzito ya baba watoto, vyote vikavu. Zinanuka moshi, sitaficha, koti langu mpaka leo hapa Dar linanuka moshi wa kuni. Lakini kavu ni kavu.

Na shuka. Usiku wa kwanza tulilala kwenye shuka lenye unyevu, si kwamba halikufuliwa, lilikuwa safi kabisa, ila hewa yenyewe ina maji kwahiyo kila kitambaa kinavuta, unaingia kitandani unahisi umelalia kitu kibichi. Asubuhi nikasema kwa adabu tu. Kuanzia siku hiyo kila saa mbili usiku binti wa kazi alikuwa anakuja na pasi ya mkaa, anafunua blanketi, anapiga pasi shuka palepale kitandani upande wa juu na foronya, anafunika haraka, anasema "ingieni sasa hivi." Unaingia kuna joto. Watoto walikuwa wanasubiri huo muda kuliko chakula. Mimi nimelala hoteli za semina zenye kila kitu, hakuna mtu aliwahi kunipigia pasi shuka usiku ili mwanangu asilale kwenye unyevu.

Kitu kingine ambacho lazima nikiseme kwa herufi kubwa kama ningeweza. Chumba cha jirani walikuja vijana watatu Ijumaa wamelowa chapachapa, wakaomba waletewe jiko la mkaa chumbani wapashe joto. Mama alikataa katakata. Waliongeza sauti kidogo, wakasema watalipia mkaa, akasema hata mkinilipa chumba cha mwezi mzima jiko la mkaa haliingii kwenye chumba cha kulala. Akawapa blanketi la tatu kila mmoja na chupa za maji ya moto zimefungwa kwenye kanga za kuweka miguuni, akawakaribisha jikoni wakae motoni mpaka watakaposhiba joto. Ndugu zangu huyo mama yuko sahihi asilimia mia. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, unasikia usingizi mzito na kichwa kuuma kisha hauamki. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia imekutwa asubuhi. Mwaka juzi sehemu nyingine kabisa, mkoa mwingine, niliingia chumbani nikakuta wameshaniwekea jiko la mkaa linawaka eti huduma kwa mgeni, nililitoa nje mwenyewe. Kwahiyo ukifika mahali popote pa baridi, muulize mwenye nyumba anapashaje joto vyumba, jibu lake litakuambia kama yuko makini.

Maji ya kuoga. Kuna hita ya umeme kwenye shawa na ikifanya kazi ni safi, ila umeme ulikatika jioni tatu kati ya saba, na huko ukikatika na mvua juu usitegemee urudi haraka. Walikuwa na pipa la maji kwenye kuni, unaambiwa saa moja maji yapo, unaletewa ndoo mlangoni na kata. Tulioga vizuri. Lakini ndoo moja kwa watu wawili ni ndogo, nilisema, siku iliyofuata zikaja mbili.

Chakula, hapa nina sifa na lawama. Mtori wa asubuhi sijui nieleze vipi, ndizi mshare zimeiva na mifupa ya ng'ombe tangu alfajiri, wamezisaga kwa mwiko mpaka zimekuwa laini kabisa, juu kuna pilipili ya kujiwekea mwenyewe, unakunywa kwenye kikombe kikubwa na mvua inagonga bati na mwili wote unaanza kufunguka kuanzia tumboni. Mwanangu mdogo ambaye nyumbani ni vita kula, alikuwa anaomba kikombe cha pili. Machalari ya jioni, ndizi zilizopikwa na nyama, nayo tamu. Ila ni ndizi, ndizi, ndizi, siku ya tano mkubwa akaomba chipsi na zile chipsi zilikuja baada ya saa moja na nusu, kuni zimelowa, zimenywa mafuta, baridi. Sahani ya jioni shilingi 8,000, kwa huko nimeona ni juu kidogo. Kahawa ya hapohapo shambani, wanakaanga wenyewe kwenye chungu na kutwanga, hiyo hawalipishi na ni nzuri kweli. Baba watoto alipelekwa na mwalimu kunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa jirani, akarudi anasifu ulezi umekolea, mimi sikwenda.

Gambuti! Kwenye baraza kuna mstari wa gambuti kama jozi 15, za watu wazima na za watoto, saizi tofauti tofauti, nyingine zimezibwa na kiraka cha tairi la baiskeli. Ni za wageni wote, unachagua unavaa unarudisha umesafisha kwenye mfereji. Sisi tulikuja na raba nyeupe na sendozi. Bila hizo gambuti tungekaa ndani wiki nzima maana njia za vihambani ni udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Tulizivaa tukaenda maporomoko ya Kinukamori, maji yalikuwa mengi, yanaguruma unaisikia kabla hujayaona, ngazi zinateleza kwahiyo shika mtoto mkono mmoja na mkono mwingine ushike mti. Tulizivaa tukafuata mfereji kupanda mpaka kwenye mashamba ya juu, mwalimu anaonyesha watoto jinsi wazee walivyochimba mifereji ya kuleta maji kutoka mtoni hadi kila kihamba, na zamu za kumwagilia, na kwamba mtu akiharibu mfereji alikuwa anawajibishwa na ukoo. Mwanangu mkubwa alichora ule mfereji kwenye daftari lake la likizo, kurasa mbili nzima.

Lawama nyingine niziweke wazi maana nimesema naandika ukweli. Kwenye simu hawakutuambia kwamba kutoka barabara ya lami mpaka getini kwao ni tope na bodaboda wanakataa kuingia mvua ikinyesha, tulitembea kama robo saa na mabegi na mtoto mgongoni, giza linaingia. Waseme mapema, mtu afike mchana na begi la mgongoni badala ya lile la magurudumu. Gata mbele ya chumba namba 2 inavuja, maji yanadondokea mlangoni usiku kucha. Intaneti waliyoisema haipo, kuna wakati mtandao wa simu unashika ukisimama karibu na tanki. Na siku mbili za kwanza hakuna aliyetuuliza tuna shida gani, ni mpaka useme, ukisema wanafanya kila kitu, ila mgeni mkimya atateseka na shuka bichi wiki nzima. Hili nilimwambia mama uso kwa uso siku ya kuondoka, akasikiliza, akamuita binti naye asikie.

Bei, 50,000 chumba kwa usiku na chai ya asubuhi ndani yake, watoto hawakulipishwa. Hiyo ni bei ya kipindi hiki ambacho watalii bado hawajajaa, mwezi wa saba wapanda mlima wakianza kumiminika usitegemee hiyo.

Vya kubeba: sweta mbili mbili kila mtu, siyo moja nene, maana moja itakuwa jikoni inakauka. Soksi nyingi kuliko unavyodhani. Mifuko ya nailoni ya kufungia nguo kavu zisivute unyevu ndani ya begi. Tochi na pawabenki. Mafuta ya mgando, midomo ya watoto ilipasuka siku ya pili. Mwamvuli hautakusaidia sana, mvua ile inakuja na upepo kutoka pembeni, bora koti la mvua, mimi langu nililipata mtumba soko la Memorial pale Moshi kabla ya kupanda gari na lilinisitiri wiki nzima.

Na chumba. Vyumba vinne vinatazama mbele, kule kwenye mlima usioonekana, na hivyo ndo kila mtu anaomba. Sisi usiku wa tatu tuliomba kuhamishwa, mdogo alianza mafua, mama akatupa namba 5 ambacho hakina dirisha la maana, kinatazama migomba tu, lakini ukuta wake mmoja ni ukuta wa jikoni na moto wa kule unaupasha mpaka saa nane usiku. Ukiweka mkono ukutani unasikia uvuguvugu. Tulisogeza kitanda cha watoto kikagusa ukuta na mafua hayakuendelea. Mwenye pumu asikichukue, moshi kidogo unapenya juu ya dari asubuhi wanapowasha. Wengine wote ombeni hicho, na ukifika umekibuku halafu ukakuta familia imekuja na kichanga chumba cha mbele, tafadhali muachie.