Ofisi ya kuandaa maombi ya viza ya kazi, Upper Hill, Nairobi: maoni ya mteja

Nilipeleka karatasi zangu za uhandisi katika ofisi moja ya ushauri wa uhamiaji huko Upper Hill, nikitaka kuandaliwa maombi ya Marekani ya kundi la EB-2, yaani viza ya ukaazi wa kudumu kwa wataalamu, kwa msingi wa uwezo wa kipekee wa kitaaluma. Sheria ya huko humtaka mwombaji athibitishe angalau vigezo 3 kati ya 6, vikiwemo shahada, leseni, uanachama wa chama cha wanataaluma na barua za waajiri zinazoonyesha uzoefu wa miaka 10 ya kazi ya kutwa.

Mama aliyenihudumia aliipitia kila barua kwa kalamu nyekundu. Ile ya mwajiri wangu wa zamani ilinisifu tu kuwa mchapakazi na mwaminifu, akaigonga kwa kidole, akaniambia, "Ndugu yangu, hii ni ya kuombea nyumba ya kupanga." Nikarudishwa kutafuta nyingine yenye tarehe, majukumu na uthibitisho kwamba niliajiriwa kwa muda wote. Fomu zangu za P9, zile za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi ya mwaka, zilifaa kuonyesha mshahara, ambao nao ni kimoja cha vigezo hivyo 6, ingawa peke yake hazitoshi, kwa kuwa mshahara huo hupimwa kwa kulinganishwa na wa wenzangu katika fani.

Lawama ninayo. Rasimu ya kwanza ya maelezo yangu ilikuwa imenakiliwa kutoka faili la mteja mwingine, hata nikaitwa mfamasia. Waliirekebisha bila malipo ya ziada, lakini baada ya wiki 3 na simu nisizozihesabu.