Uzoefu wangu: mihadhara ya picha ya watazama ndege wa Mida

Nimehudhuria mihadhara sita ya kikundi hiki, Septemba hadi Machi, na ninaandika kwa ajili ya mtu anayejiuliza kama jioni moja ya picha ukutani itamsaidia kumtambua ndege kesho yake kwenye matope. Itamsaidia, mradi picha zenyewe zimwonyeshe ndege kama anavyoonekana hapa Mida, hori la pwani ya Kilifi, Kenya. Mhadhara unaozingatia hilo unafaa mno. Unaolisahau unakuachia majina matupu.

Jioni nzima huchukua saa moja na nusu. Dakika 50 ni za picha, slaidi kama 45, kisha maswali, na dakika 10 za mwisho ni jaribio. Picha huonyeshwa kwa sekunde 5 na kuzimwa, halafu kila mtu anaandika jina la ndege na alama moja tu iliyomfanya aseme hivyo. Jaribio hilo peke yake linatosha kukufanya uhudhurie. Kule kwenye hori ndege hakupi zaidi ya sekunde 5, na anayejibu "nimemjua tu" bila kutaja alama hugundua upesi kwamba alikuwa anakisia.

Mhadhara bora niliousikiliza ulikuwa wa vitwitwi na vyamchanga, ndege wadogo wa matope ya pwani, na ubora wake ulitokana na kupanga ndege wawili wawili. Chukua vitwitwi wa mchangani, yule mkubwa na yule mdogo. Wote ni wa rangi ya udongo mgongoni na weupe tumboni, wote hukimbia, husimama, hudonoa. Msemaji aliwaweka kwenye slaidi moja, kimo kimoja, wakitazama upande mmoja, akaonyesha kipimo cha mdomo: anza pale mdomo unapotokea, chukua urefu wake, kisha uulaze kwa mawazo kuelekea nyuma ya kichwa. Kwa kitwitwi mkubwa ncha inapita ukingo wa nyuma wa jicho. Kwa mdogo inaishia hapo au haifiki. Miguu ya mkubwa kwa kawaida ni ya kijani-njano hafifu, ya mdogo ni ya kijivu iliyokolea, lakini msemaji alionya kwa haki kabisa kwamba Mida miguu yote inapakwa matope, basi anayetegemea rangi ya miguu peke yake atakosea nusu ya asubuhi. Onyo la namna hiyo hulipati kwenye kitabu cha picha.

Mhadhara wa mwezi uliofuata ulikwenda kinyume. Picha zilikuwa nzuri, kali, za kupendeza, na karibu zote zilipigwa Ulaya na Aktiki kwenye majira ya kuzaliana. Chamchanga mwenye mdomo uliopinda (Calidris ferruginea) alionyeshwa mwekundu wa tofali, kifua na tumbo. Huyu ndege huzaliana kaskazini kabisa mwa Siberia. Anapofika kwetu Agosti anakuwa amebakiwa na mabaka tu ya ule wekundu, na muda wote wa kaskazi ni wa kijivu juu, mweupe chini. Mtu aliyekariri tofali ataangalia mamia yao bila kumwona hata mmoja. Alama za kufundisha hapa ni nyingine: mdomo mrefu unaopinda chini taratibu, unyushi mweupe ulio wazi, na akiruka kiuno cheupe kinachowaka juu ya mkia. Ndege wachanga wa mwaka huo, ambao mgongo wao una michoro kama magamba ya samaki, hawakuonyeshwa kabisa, ilhali Septemba na Oktoba ndio wanaowachanganya wanaoanza.

Kosa jingine la mhadhara ule ni ukubwa. Picha iliyokatwa mpaka ndege akajaza ukuta inamfanya ndege wa sentimita 20 alingane na wa sentimita 40. Dawa ni rahisi: kwenye kona ya kila slaidi uwekwe umbo jeusi la ndege anayejulikana na kila mtu. Msemaji aliyetuletea mla kaa (Dromas ardeola) alifanya hivyo kwa kunguru wa mjini, yule mwenye shingo ya kijivu. Mla kaa ana urefu unaokaribiana naye, sentimita 40 hivi, ila miguu ni mirefu zaidi, na mdomo mweusi mnene kama kisu. Tangu siku hiyo sijasikia mtu kikundini akimwita yangeyange.

Huo wa mla kaa ninausifu pia kwa sababu ulifuata maisha ya ndege mwaka mzima. Yuko peke yake katika familia yake ya kisayansi. Huzaliana wakati wa joto kali kwenye Ghuba, pwani za Oman, Somalia na Bahari ya Shamu, na badala ya kujenga kiota juu ya ardhi huchimba shimo mchangani na kutaga humo yai moja, jeupe. Joto la mchanga lenyewe husaidia kuliatamia. Agosti wanaanza kurudi kwetu, na makinda huja pamoja na wazazi wakiendelea kuomba chakula. Kwa hiyo ukimwona Mida ndege wa kijivu-kijivu akimfuata mweusi-mweupe huku akilia bila kukoma, si aina nyingine, ni mtoto. Slaidi tatu, na fumbo la kila Septemba limefumbuliwa.

Sasa vyombo, kwa sababu vinaharibu jioni nyingi kuliko wasemaji. Ukumbi ni wa makuti, wazi pande mbili. Jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo kutegemea mwezi, na mhadhara ulioanza saa kumi na mbili na nusu ulipoteza slaidi 10 za mwanzo kwa mwanga wa nje. Tofauti za kijivu na kahawia ndizo zinazokufa kwanza, na vyamchanga ni kijivu na kahawia vitupu. Uanze saa moja na robo. Projekta ni ya lumeni 3,000, inatosha picha yenye upana wa mita 2. Walipoivuta mpaka mita 3 ili walio nyuma waone, eneo la picha liliongezeka mara mbili na zaidi, mwanga ukapungua kwa kiasi hicho hicho, na hakuna aliyeona kitu, nyuma wala mbele. Heri kusogeza viti. Shuka jeupe likiwa moja linapitisha mwanga, likunjwe mara mbili na pembe za chini zifungwe mawe, maana upepo wa bahari ukilitikisa, mdomo ulionyooka unaonekana umepinda. Umeme ukikatika, projekta ya taa isiwashwe tena papo hapo. Iachwe ipoe dakika kadhaa, la sivyo taa inaungua.

Sauti nayo ina shida yake. Spika ya kompyuta mpakato hutoa vizuri miluzi na milio myembamba, lakini inameza sauti nene za dudumizi na pugi, zikabaki kama kikohozi cha mbali. Spika ya betri ya ukubwa wa kopo la maziwa inamaliza tatizo.

Mhadhara wa msitu wa Arabuko-Sokoke ulikuwa na mambo mengi mno kwa dakika 50. Msitu una kilomita za mraba 420 hivi na aina tatu kubwa za uoto, na nusu ya ujuzi ni kujua uko kwenye uoto upi. Bundi mdogo wa Sokoke (Otus ireneae), asiyezidi sentimita 18, ni wa vichaka vya Cynometra kwenye udongo mwekundu. Kumtafuta kwenye miti ya Brachystegia ni kupoteza usiku. Mlio wake ni miluzi mifupi inayofuatana kwa mwendo sawa, unafanana na wa kitororo, ila kitororo huimba mchana. Kwera wa Kilifi (Ploceus golandi), ambaye duniani kote hayuko nje ya kaunti hii, alipewa jina la kisayansi 1913 na viota vyake havikujulikana mpaka 2013, kwenye dimbwi la msimu huko Dakatcha. Habari hii ilistahili jioni yake yenyewe. Ilipewa slaidi mbili. Nilifurahi hata hivyo kuona msemaji akikataa kutoa rekodi ya bundi kwa simu za watu. Ndege anayeitwa kwa rekodi kila usiku huacha kuwinda ili alinde eneo lake dhidi ya adui asiyekuwepo.

Matembezi ya Jumamosi asubuhi ndiyo yanayoupa mhadhara maana, na ndiyo yenye kasoro kubwa kuliko zote: tarehe hupangwa kwa kalenda ya ukutani, si kwa maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Ukifika saa moja asubuhi yanatoka, ndege wanayafuata, na kufikia saa nne ni vidoa tu ng'ambo ya matope. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, bahari hujaa kama saa nne au saa tano asubuhi, nayo hori huchelewa kidogo kwa sababu mlango wake ni mwembamba. Hapo ukikaa kwenye kibanda mwisho wa daraja la mbao saa moja na nusu, maji yenyewe yanakuletea ndege hatua kwa hatua. Mhadhara wa vyamchanga upangwe mkesha wa asubuhi kama hiyo, basi.

Ukija, leta darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8. Ya 10 mikononi bila kiegemeo hutetemeka, na kuanzia saa nne asubuhi mvuke wa joto juu ya matope hufanya ukuzaji mkubwa usiwe na faida hata kwa darubini ya miguu mitatu; irudishe kwenye 20 au 25. Leta daftari, penseli, na dawa ya mbu, kwa kuwa mikoko iko hatua chache tu. Orodha ya matembezi huingizwa kwenye Kenya Bird Map, mradi wa kuchora ramani ya ndege wa Kenya, ambayo hutaka angalau saa 2 za kuangalia ndani ya mraba mmoja wa takriban kilomita 9 kwa 9, ndege wakiandikwa kwa mpangilio walioonekana. Wanaoondoka baada ya kuangalia kwa saa moja tu kwa sababu ya chai wanaipunguzia orodha thamani yake.

Kama una nafasi ya jioni moja tu, chagua ya mwanzoni mwa Aprili, kusi halijaingia. Vyamchanga wanaojiandaa kuondoka wanakuwa wameanza kuwa wekundu, waliozaliwa mwaka jana bado ni wa kijivu, na wote wanakula pamoja mbele ya kibanda.